Uliza Kwanza Kilipimwa Wapi

Hotuba kwa wanafunzi wa uhandisi na mafundi wa elektroniki, Dar es Salaam

Ndugu mwenyekiti, walimu wangu, mafundi wenzangu, wanafunzi. Itifaki imezingatiwa. Nikianza kutaja vyeo vya waliokaa mstari wa mbele, muda wangu utaishia hapo hapo.

Nimeombwa nizungumzie upimaji wa mawimbi ya redio yanayovuja kwenye vifaa. Nasema yanayovuja, si yanayorushwa. Simu inarusha mawimbi kwa makusudi, ndiyo kazi yake. Mimi kazi yangu imekuwa taa, chaja, inveta, kompyuta, mashine za kufulia: vitu ambavyo hakuna aliyevituma kutangaza, na bado vinatangaza.

Mjomba wangu ana duka Mbagala. Mwaka mmoja nilikuja likizo, nikamkuta jioni amekaa nje chini ya mwarobaini, redio ya masafa mafupi iko mapajani, anasikiliza taarifa ya habari. Wingu limetanda, mvua inanukia. Nikamwambia, "Shikamoo Mjomba, mbona uko nje?" Akaniambia, "Marahaba. Ndani haishiki, mwanangu. Tangu nifunge hizi taa mpya, redio inakoroma kama mlevi." Tukaingia dukani. Akazima taa ya kwanza, mkoromo ukapungua. Akazima ya pili, ya tatu. Alipozima ya sita, mtangazaji akasikika kama yuko kaunta anaomba sukari robo.

Nikamwomba taa moja. Wakati huo nilikuwa naajiriwa na maabara ya vipimo kusini mwa Ujerumani, nikaondoka nayo kwenye begi. Kule taa za namna ile haziwekwi tu mezani. Zinafungwa kwenye koni ya bati yenye vipimo maalumu, umeme unapitishwa kwenye kisanduku kinachojifanya nyaya za nyumba, ndipo unasoma kelele inayorudi kwenye waya kuanzia kilohezi 150 hadi megahezi 30. Nikapima. Taa ya Mjomba ikafaulu. Haikufaulu kwa mbwembwe, ilipita chini ya mstari wa kikomo kwa desibeli mbili hivi, lakini ilifaulu.

Kwa hiyo nikawa na mambo mawili mkononi, yote ya kweli: taa ni halali, na redio ya Mjomba inakoroma. Nimefikiria jambo hilo kwa miaka, na leo nitawaambia nilipofika.

Kwanza tujue tunatafuta nini. Nikitoka kwenye waya na kuingia hewani, vifaa vya nyumbani vina kikomo cha kimataifa ambacho, kati ya megahezi 30 na 230, kikipimwa kwa umbali wa mita 10, ni desibeli 30 juu ya mikrovolti moja kwa mita. Ukiifungua hesabu hiyo unapata mikrovolti 32 hivi kwa kila mita. Betri ya tochi ina mikrovolti milioni moja na nusu. Basi mfikirie wenyewe ni mnong'ono wa namna gani. Na wanafunzi, desibeli zisiwatishe: kwa leo shikeni kwamba 6 ni mara mbili na 20 ni mara kumi, nyingine mtajaza wenyewe.

Kikomo hicho kimewekwa na kamati ya kimataifa iitwayo CISPR, iliyoanza Paris mwaka 1934. Aliyewahangaisha wakati ule alikuwa msikilizaji wa redio, na mpaka leo ukifungua kipokezi cha vipimo utamkuta humo ndani. Kuna usomaji tunaouita kwasi-piki. Hausomi kilele cha kelele, wala hausomi wastani. Unapanda upesi na kushuka taratibu, ili mpasuko unaotokea mara moja moja usome chini, na mpasuko ule ule ukijirudia mara mia kwa sekunde usome juu, kwa sababu ndivyo mtu anayesikiliza redio anavyokereka. Yaani tunapima kero. Napenda sana kwamba katikati ya vyuma vyote vile kuna sikio la binadamu.

Na mita 10 zimetoka wapi? Ni umbali ambao walioandika kanuni waliuchukulia kati ya kifaa chako na redio au televisheni ya jirani. Nani hapa anakaa Manzese? Jirani yako yuko mita 10? Naona mnacheka. Mita 10 za Manzese zina familia nne na banda la kuku. Shikeni hilo, maana kikomo chenyewe kimebeba ramani ya mtaa fulani, na mtaa huo si lazima uwe wako.

Sasa tuingie uwanjani. Mazingira ya kwanza, na mengine yote yanalinganishwa nayo, ni uwanja wa wazi. Umbo lake ni duaradufu. Kifaa kinakaa kwenye kitovu kimoja, antena kwenye kitovu cha pili, na kwa kipimo cha mita 10 unahitaji eneo la mita 20 kwa mita 17 na kitu, lisilo na mti, uzio wala gari la bosi. Kifaa kiko juu ya meza ya mbao au plastiki yenye kimo cha sentimita 80, meza inazunguka. Antena iko kwenye mlingoti, inapanda na kushuka kati ya mita 1 na mita 4. Chini pametandikwa chuma.

Hiyo sakafu ya chuma niliielewa vibaya mwanzoni, nilidhani ni ya usafi. Kumbe sababu ni ardhi. Wimbi linalotoka kwenye kifaa linafika kwenye antena kwa njia mbili: moja kwa moja, na kwa kugonga chini kisha kupanda. Ardhi yenye maji na ardhi ya kiangazi haziakisi sawa. Mchanga wa Kigamboni na udongo wa mfinyanzi wa bondeni haviakisi sawa. Ukipima Machi wakati wa masika na ukipima Agosti utapata namba mbili. Wazee wakasema, kama ardhi lazima ituakisie, basi tuipe chuma, iakisi sana lakini iakisi vilevile siku zote. Hawakuondoa tatizo, walilifuga.

Na ndiyo sababu antena inapanda na kushuka. Yale mawimbi mawili yakikutana yakiwa yanaenda pamoja, unasoma karibu maradufu, desibeli 6 juu. Yakikutana yakiwa yanapingana, unasoma karibu na bure. Ukiweka antena kimo kimoja tu unaweza kuangukia kwenye shimo ukakisifu kifaa kibovu. Kwa hiyo unapandisha mpaka ukute kilele, na kilele ndicho unachoandika.

Lakini subirini, hapa pana kitu ambacho vitabu vingi vinakipita haraka. Kwa wimbi lililolala, yaani linalotikisika kwa ulalo badala ya wima, sakafu ya chuma inaligeuza kinyume linapogonga. Kwenye megahezi 30 wimbi lina urefu wa mita 10. Ili lile lililogeuzwa lirudi kuungana na mwenzake, linahitaji kuchelewa nusu ya urefu huo, mita 5. Pigeni hesabu ya uwanja wetu: kifaa kwenye sentimita 80, antena imepanda mpaka mita 4, umbali mita 10. Njia ndefu inaizidi njia fupi kwa sentimita 60 tu. Haifiki popote. Maana yake, kwenye masafa ya chini, waya uliolala unaotangaza kwa nguvu unafichwa na sakafu yenyewe. Uwanja haudanganyi, unafuata kanuni zake barabara. Lakini mtu aliye ghorofa ya tatu hana sakafu ya chuma chini ya redio yake.

Ubaya mwingine wa uwanja wa wazi ni kwamba uko wazi. Unatafuta mnong'ono wa mikrovolti 32 wakati kituo cha FM kimekaa juu yake kinapiga taarabu. Mzee aliyenifundisha kazi alikuwa na daftari la kila kituo kinachosikika pale uwanjani, ameandika kwa penseli ili afute kikihama. Akiona mstari kwenye kioo, kwanza anazima kifaa. Ukibaki, si wetu. Ukiondoka, ni wetu. Unaobaki na ambao chini yake huenda pana wetu, ndio uliotufanya tupime saa nane usiku tumevaa makoti mawili. Simu za mkononi zilipoenea, kazi ile ikazidi kuwa ngumu mwaka hadi mwaka.

Kabla hamjauliza: uwanja wenyewe nao unapimwa. Unarusha mawimbi kutoka antena moja kwenda nyingine, unalinganisha upotevu uliousoma na ule wa hesabu ya nadharia, na ukiwa ndani ya desibeli 4 juu au chini, uwanja umepita. Jumlisheni. Uwanja mmoja uko juu kwa 4, mwingine chini kwa 4, vyote vina cheti, na kati yake pana desibeli 8, yaani mara mbili na nusu. Kifaa ni kile kile.

Kwa sababu ya FM na makoti mawili, watu wakaingia ndani. Chumba kinajengwa kwa chuma pande zote ili mawimbi ya nje yasiingie, kisha kuta na dari vinavishwa kitu cha kumeza mawimbi ili ya ndani yasidunde. Sakafu inaachwa chuma vilevile, kuuiga uwanja. Sisi tulikiita chumba kiziwi. Ukiingia unaona ukutani mapiramidi ya sponji yenye kaboni, yameelekeza ncha kwako kama miiba ya nungunungu. Sponji hizo zinameza vizuri mawimbi mafupi. Mawimbi ya megahezi 30, yenye urefu wa mita 10, yanataka piramidi la mita kadhaa, na hapo chumba kitajaa sponji pakose pa kuweka kifaa. Dawa ni vigae vya feraiti, aina ya kauri yenye sumaku, vya unene wa milimita 6 hivi, vinavyobandikwa ukutani kama vigae vya bafuni. Hivyo vinashughulika na masafa ya chini, sponji inashughulika na ya juu. Vizito ajabu, nimewahi kuvibeba.

Chumba cha mita 10 ni kama ukumbi wa harusi, na bei yake ni ya harusi ya mtoto wa tajiri. Wengi wanajenga cha mita 3. Hapo wanaingiza hesabu: ukisogea kutoka mita 10 hadi 3, uga, yaani nguvu ya mawimbi pale antena ilipo, unapanda kwa desibeli 10 na nusu, basi ongeza kikomo kiasi hicho maisha yaendelee. Hesabu hiyo ni sahihi kwa chanzo kidogo kilicho mbali. Kwenye megahezi 30, eneo la karibu, ambako uga haujatulia kuwa wimbi kamili, linafika mita moja na nusu na zaidi kutoka kwenye kifaa. Kifaa chenyewe kina waya wa mita moja na nusu unaoning'inia. Halafu antena ya masafa hayo nayo si sindano, ina mabawa yake. Unaposema "mita 3", mita 3 kutoka wapi hadi wapi? Sisemi vyumba vya mita 3 havifai, nimekula mkate kwenye chumba cha mita 3. Nasema msiichukue 10 na nusu kama msahafu.

Kuna na chumba kiziwi kabisa, ambacho hata sakafu imevishwa. Hakina wimbi la chini, hakuna haja ya kupandisha antena, kazi inakwenda haraka. Lakini kwa kuwa kile kivuli cha sakafu nilichokieleza hakipo, namba zake hazilingani na za uwanja, na kikomo chake lazima kiwe kingine. Tuendelee.

Kingine nitakipitia upesi ingawa nakipenda. Mwaka 1974 Myron Crawford, huko Boulder, Marekani, alieleza kisanduku ambacho ndani yake wimbi linasafiri kama linavyosafiri kwenye kebo. Kwenye miaka ya 1980, kampuni ya Asea Brown Boveri huko Baden, Uswisi, ikakipanua kikawa kinachoitwa GTEM. Umbo lake ni koni ya karatasi ya karanga iliyolazwa, ila ina pembe nne. Kwenye ncha unachomeka kebo, kwenye mdomo mpana kuna sponji. Unaweka kifaa ndani, unakipima kimesimama, unakilaza, unakigeuza ubavu, halafu kompyuta inachukua namba tatu na kukokotoa kingesoma ngapi kama kingekuwa uwanjani. Kwa kifaa kidogo cha betri kisicho na waya, ni kitu kizuri sana. Kwa kifaa chenye nyaya nne, unabaki kujiuliza nyaya zinaelekea wapi unapokigeuza. Ile hesabu inakichukulia kifaa kuwa nukta, na nukta haina mkia.

Sasa nifike kwenye chumba ninachokipenda kuliko vyote, na ambacho wanafunzi wengi hawakiamini wakikisikia mara ya kwanza. Tumetumia fedha nyingi kuwafanya ukuta na dari wawe viziwi. Chumba cha mwangwi kinafanya kinyume: chuma kitupu pande sita, hakuna sponji, hakuna vigae. Mawimbi yanadunda, yanadunda tena, yanajaa. Katikati au pembeni kuna bamba kubwa la chuma lililokunjwakunjwa, linazunguka polepole. Kazi yake ni kuvuruga mawimbi yasitulie sehemu moja. Mimi nauita mwiko. Ukisonga ugali bila kufikisha mwiko pembeni, utapata mabuja. Ndani ya chumba hiki mwiko ukizunguka hatua kwa hatua, kila sehemu ya kati inapata wastani ule ule wa mawimbi. Mwaka 1986 Crawford huyo huyo na mwenzake Koepke walichapisha mwongozo wa kutengeneza na kutumia vyumba vya namna hii, na leo kuna kiwango cha kimataifa kinachovihusu.

Kinachosomwa humo ni tofauti kabisa. Husomi uga kwenye upande fulani, unasoma nguvu yote inayotoka kwenye kifaa, pande zote zikichangwa. Na hapo ndipo uzuri ulipo. Juu ya gigahezi 1, mawimbi yana urefu wa sentimita 30 kushuka chini, na kifaa kinaacha kumwaga pande zote kama kibatari, kinaanza kutupa miale myembamba kama tochi. Kwenye chumba kiziwi unakizungusha kifaa kwenye meza, antena inaangalia ubavuni. Mwale ukiwa umeelekea darini, hukuuona. Kwenye chumba cha mwangwi hauna pa kujificha.

Lakini kama mwenye kanuni anataka uga kwa mita 10, chumba cha mwangwi hakina jibu mpaka ukisie kifaa kinatupa mwale mwembamba kiasi gani. Kukisia huko ni kwako, si kwa chumba. Na kwa masafa ya chini hakifai kabisa, maana wimbi lazima liwe dogo mbele ya chumba ili mwiko upate cha kuvuruga. Chumba kidogo hakiwezi kusonga wimbi la mita 10, kama usivyoweza kusonga ugali wa msiba kwenye sufuria ya chai.

Kwa hiyo tumeviona: uwanja, viziwi viwili, koni ya karanga, na chumba cha mwangwi. Kila kimoja kinajibu swali lake. Uwanja unauliza: jirani mwenye antena, juu ya ardhi inayoakisi, atasikia nini? Chumba cha mwangwi kinauliza: kifaa kinamwaga kiasi gani kwa jumla? Mtu akikuletea namba peke yake, "kimesoma 28", hajakuambia kitu bado. Amekupa bei bila kutaja shilingi ni ya Kenya, ya Uganda au ya Tanzania.

Nimesema vyumba, lakini mshangao mkubwa zaidi wa maisha yangu haukutoka kwenye chumba. Ulitoka kwenye waya. Mteja mmoja, simtaji, alikuwa anatengeneza kidhibiti cha chaji cha sola. Alikipima kwenye maabara nyingine kikafaulu. Akakileta kwetu kwa sababu zake, kikaanguka, kilele kirefu karibu na megahezi 50. Akapiga simu kwa hasira, anadhani tunataka kumuuzia saa za ziada. Nilitumwa mimi kuongea naye kwa kuwa nilikuwa mdogo kuliko wote, na mdogo ndiye anayetumwa kwa mbwa mkali.

Nikamwomba ripoti ya kwanza. Namba sikuziangalia, niliangalia picha. Kwenye picha waya wa paneli, wa mita moja na nusu, ulikuwa umekunjwa kitita na kulazwa mezani nyuma ya kifaa. Kwetu ulikuwa unashuka wima kutoka mezani kuelekea sakafuni. Basi. Mita moja na nusu ni robo ya wimbi la megahezi 50. Tulikuwa tumempa kifaa antena nzuri kabisa. Tukaukunja kama wao, kilele kikazama chini ya mstari mbele ya macho yake. Akaniuliza, "Sasa ipi ni sahihi?" Nikamjibu, "Wateja wako watauweka vipi?" Akanyamaza, maana alijua kabisa: kutoka kwenye paa hadi ndani, umenyooshwa.

Kanuni zinajaribu kuufunga mdomo huo. Zinasema waya unaoning'inia ukikaribia sakafu chini ya sentimita 40, ukunjwe katikati uwe kitita cha urefu wa sentimita 30 hadi 40. Zinataka picha ziwekwe kwenye ripoti. Hata hivyo, kwa uwanja na chumba kiziwi, CISPR yenyewe inachukulia shaka ya kipimo ya desibeli 6.3 kuwa ya kawaida. Yaani maabara mbili nzuri, zenye ithibati, zenye watu waaminifu, zinaweza kupishana kwa mara mbili na hakuna aliyekosea. Ukikuta tangazo la bidhaa linajisifu limefaulu kwa desibeli moja, tabasamu.

Narudi nyumbani. Hapa kwetu TCRA, mamlaka ya mawasiliano ya Tanzania, na wenzetu Kenya kupitia Mamlaka ya Mawasiliano, wanataka vifaa vya mawasiliano viidhinishwe kabla ya kuuzwa, na mwagizaji analeta ripoti za vipimo. Mara nyingi ripoti hizo zimeandikwa mbali sana. Anayezipokea haoni chumba, anaona karatasi. Ndiyo maana nawaambia ninyi wanafunzi ambao kesho mtakaa kwenye meza hiyo: msianze na jedwali la namba. Anzeni na picha. Kisha tafuteni ni chumba gani, mita ngapi, nyaya zipi ziliunganishwa, kifaa kilikuwa kinafanya nini wakati kinapimwa. Nimeona ripoti ya chaja iliyopimwa bila kuchaji kitu chochote. Ilikuwa safi kama pamba, ungefanyaje isiwe safi.

Na wapo majirani zetu barani ambao kwao hata kikomo cha CISPR ni makelele. Kule Karoo, Afrika Kusini, kuna darubini ya redio ya MeerKAT, inayosikiliza mawimbi hafifu ya angani kwa madishi 64, na nchi ile ilitunga sheria mwaka 2007 kulinda utulivu wa eneo hilo. Kifaa kinachoruhusiwa sebuleni kwako hakiruhusiwi kuwashwa pale hivi hivi. Sikio limebadilika, kwa hiyo neno "kimefaulu" nalo limebadilika.

Mtaniuliza, je, tusubiri mpaka tujengewe ukumbi wa vigae? Mawazo yangu, na najua wapo watakaonipinga, ni kwamba tungeanza na uwanja. Ardhi tulivu, mbali na minara, tunayo kwa mapana. Chuma kinauzwa. Mlingoti na meza ya kuzunguka fundi wa mtaa wa Gerezani anaweza kuvitengeneza kwa mbao na plastiki akipewa mchoro. Antena na kipokezi ndivyo vya kununua. Wenye hela wataanza na ukumbi, sisi tuanze na uwanja, na tujifunze kwenye matope yale yale waliyojifunzia wao.

Na kabla hata ya uwanja, kuna kipimo ambacho fundi anaweza kukifanya kwenye benchi lake. Acheni kuukimbiza uga hewani, ushikeni mkondo kwenye waya. Klampu ya masafa ya redio inazungushwa waya mzima, nyaya zote za ndani kwa pamoja, na inasoma ule mkondo usio na mwenzake wa kurudi. Hesabu ni hii: waya wa mita 1, megahezi 50, mkondo wa mikroampea 5, ukisimama mita 3 utakuta mikrovolti 105 hivi kwa mita. Kikomo cha Marekani kwa vifaa vya nyumbani kwenye masafa hayo, kwa mita 3, ni 100. Mikroampea tano! Taa ndogo nyekundu kwenye redio inaweza kula miliampea 5, mara elfu moja ya hizo. Mikroampea hizo tano zikipotea njia kwenye waya mmoja, umeshaanguka. Na klampu haijali uko kwenye chumba gani, kwa kiasi fulani. Nasema kwa kiasi fulani kwa sababu waya nao unajua umelazwa juu ya nini.

Sasa taa ya Mjomba. Kwenye maabara ilikuwa moja, ndani ya koni ya bati, na mwisho wa waya kuna kisanduku chenye ukinzani unaojulikana. Dukani zilikuwa sita, kwenye waya mmoja uliopigwa misumari kwenye kenchi kutoka kaunta hadi stoo, na swichi inayokata waya mmoja tu kati ya miwili, kwa hiyo kelele ya kwenda haina mwenzake wa kurudi kando yake. Kiwango kilipima taa. Mjomba alinunua taa akajenga antena. Nilipomweleza akasema, "Kwa hiyo kosa ni langu?" Nikasema hapana Mjomba. Kosa sikulipata, nilipata waya tu. Nikauvalisha waya pete mbili za feraiti karibu na swichi, nikapitisha waya wa pili kando ya ule wa kwanza. Mkoromo ukapungua, haukuisha. Ananiambia mpaka leo mpira wa usiku anausikilizia chini ya mwarobaini. Siku moja nilizihesabu hatua kutoka mlangoni hadi pale anapokaa: kumi na moja.

Nimeonyeshwa kikaratasi kwamba muda umekwisha. Pale kwenye meza ya nyuma, karibu na chai, kuna klampu, kipokezi kidogo na taa nne nilizonunua jana Kariakoo, za bei tofauti. Sijazipima bado. Mwenye waya mrefu kwenye begi lake aje nao.